Mashine Iliyoamka Saa Tano

Mimi hakuna jambo la kunishangaza. Hayo nilikuwa nikiyasema kilabuni, shambani, hata mbele ya mkutano wa kijiji, na hakuna aliyenipinga, maana walijua nilikotoka. Simba nimemkuta amelala chini ya mzinga wangu. Akanitazama, nikamtazama, akaondoka yeye. Nyuki wamenivimbisha uso ukawa kama boga, nikaendelea kurina asali. Mvua kukataa nimeiona, na watu wazima wakichimba mizizi. Siku bendera ya Mwingereza iliposhushwa, wenzangu walicheza ngoma mpaka wakaanguka. Mimi kulipokucha nilikwenda porini kama kawaida, kwa sababu nyuki hawakuwa na habari. Shule niliishia darasa la pili. Lakini kusoma najua, kuandika ndiko huku unakokuona, na kwenye hesabu hajazaliwa wa kunipunja.

Mali yangu ilianzia kichwani. Sisemi akilini; nasema juu ya utosi. Nilichemsha nta mwenyewe, nikaigandisha, nikaifunga kwenye gunia na kuibeba kutoka porini hadi stesheni ya Itigi, mwendo wa kutwa nzima katikati ya vile vichaka ambavyo mbwa akiingia anatoka hana manyoya. Kichwa kikazaa baiskeli. Baiskeli ikazaa baiskeli ya pili na mtu wa kuiendesha. Na hizo zikazaa mashine ya kusaga.

Niliinunua kwa Mhindi mmoja wa mjini Singida aliyekuwa akifunga biashara yake. Ilikuwa injini ya dizeli ya pistoni moja, rangi ya kijani, yenye magurudumu mawili mazito ubavuni na mkanda mrefu unaozungusha kinu cha chuma. Ilipofika kwetu ikivutwa na ng'ombe, wanawake walipiga vigelegele kama wanampokea bibi harusi. Mimi nilitembea mbele yake. Kutoka Itigi mpaka Issuna walikotoka wazee wangu, hapakuwa na Mnyaturu mwenye injini yake mwenyewe, na kama alikuwapo basi alikuwa ameificha.

Kuiwasha ni kazi ya mwanamume aliyekula. Unanyanyua kikono kidogo kilicho juu ili injini iwe nyepesi, unachomeka hendeli, unazungusha polepole, kisha kwa nguvu, mpaka yale magurudumu yanaanza kukuvuta wewe. Hapo unaangusha kikono. Inakohoa mara moja, inakohoa tena, halafu inashika: tuku, tuku, tuku-tuku-tuku. Na injini haina mdomo lakini ina moshi, nao ndio usemi wake. Moshi mweupe, dizeli inafika lakini haiungui. Moshi mweusi, inakula kupita uwezo. Wa buluu, oili inapanda mahali isipotakiwa. Na usipoona moshi kabisa, ujue dizeli haifiki. Hayo hakunifundisha mwalimu. Niliyajua kwa kukaa nayo, kama mtu anavyojua tabia za mke.

Kisha ikaja miaka ya kuhamia vijijini. Nyumba yangu ya zamani iliachwa kwa popo, nikapewa kiwanja mwisho wa kijiji kipya, nikajenga, na mashine nikaijengea banda la bati lililo wazi upande wa mashariki. Sasa, mashine ya mtu binafsi katika kijiji cha ujamaa lilikuwa jambo la kuzungumzwa. Likazungumzwa. Mwenyekiti wa kijiji nilitahiriwa naye mwaka mmoja, jando moja. Mbele ya watu aliniita ndugu, pembeni aliniita wewe. Halmashauri ikakaa, ikatoka na neno: mashine ibaki kwangu, ila kila siku iwake alfajiri, ili kina mama wasage kabla ya kwenda shamba la kijiji. Nikasema, hilo tu? Ile mashine ikichelewa siku moja, njooni mnichukue mimi na yenyewe. Nilisema hivyo nikicheka. Katibu akaandika.

Mwaka wenyewe dizeli ilikuwa adimu. Wenye mashine wa vijiji vingine walizunguka na vidumu kama wanaotafuta dawa ya mtoto. Mimi nilisikia kwamba Itigi imefika, nikaenda na gari la ng'ombe na pipa zima, lile lile nililochemshia nta miaka yote. Nililisugua kwa maji ya moto na majivu mpaka nikaiona sura yangu chini. Nikalijaza, nikaliegesha nyuma ya nyumba, juani. Wenzangu wakaja kuniomba. Wengine niliwapa, wengine niliwaambia wakajifunze kuamka mapema.

Mwezi wa sita kwetu upepo wa kipupwe unatoka mashariki na hauna adabu. Asubuhi moja ya baridi hiyo nilikuta kina mama wamejipanga kama kawaida, madebe ya uwele na mtama kichwani, khanga zimefunika masikio.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Leo baridi imewaleta mapema."

Nikazungusha. Ikakohoa mara moja, ikakohoa tena, ikanyamaza. Nikazungusha tena. Haikukohoa hata kidogo. Nikatazama bomba: hakuna moshi. Nikafungua tangi: dizeli imejaa. Nikazungusha mpaka shati likanata mgongoni katika baridi ile ile. Magurudumu yalizunguka vizuri, mazito, matiifu, na injini ikakaa kimya kama jiwe la kusagia.

Mama mmoja mcheshi wa mstari wa mbele akasema, "Baba, labda haijanawa uso."

Wakacheka. Nami nikacheka, maana sikuwa na wasiwasi. Hakuna moshi, dizeli haifiki. Dizeli haifiki, pampu. Nikaleta spana, nikafungua pampu, nikaifuta kila kipande kwa kitambaa, nikairudisha. Kufungua na kurudisha si kazi ya kukimbilia. Nilipomaliza jua lilikuwa limepanda na kina mama walikuwa wamekwenda shambani na uwele wao haujasagwa. Nikazungusha mara moja tu. Tuku-tuku-tuku.

Mke wangu akatoka jikoni. "Imepona?"

"Pampu," nikamwambia. "Mtu mwingine angeita fundi."

Kesho yake alfajiri ikakataa. Nikasema, basi kumbe pampu ilikuwa na mwenzake. Nikafungua nozeli, ile inayopuliza dizeli ndani. Nikaisafisha kwa sindano. Saa tano ikawaka mzunguko wa kwanza. Nikatangaza kijijini kwamba ilikuwa nozeli. Siku iliyofuata ikakataa tena. Nikasema ni hewa imeingia kwenye bomba la dizeli; nikatoa hewa, nikafunga, nikatoa tena. Saa tano ikawaka. Hivyo nikatengeneza kila kitu, na kila nilichotengeneza kilipona, na kesho yake mashine ilikuwa mgonjwa vilevile. Sijui kama unanielewa. Kushindwa kutengeneza kitu ni jambo moja. Kukitengeneza kila siku na kisitengenezeke ni jambo jingine, halina jina.

Hapo ndipo alipoingia mtani wangu. Huyu alikuwa Mnyiramba, alihamia kwetu kufuata asali, na sisi Wanyaturu na wao ni watani tangu mababu. Kwetu mtani ana ruhusa ya kukutukana msibani, tena ukiwa umeshika jembe la kuchimbia kaburi. Lakini neno lake hulichukui. Ukilichukua ukalifanya, kijiji kizima kitasema umetumwa na mtani wako, naye ana haki ya kuingia zizini mwako na kuchagua mbuzi amtakaye. Ndiyo desturi, na mimi si mtu wa kutoa mbuzi ovyo.

Akasimama mlangoni mwa banda, mikono kifuani.

"Mnyaturu, hii mashine yako ni ya ofisini?"

"Kwa nini?"

"Naona inaripoti kazini saa tano. Alfajiri imelala, inasubiri chai."

Kina mama wakashika mbavu. Akaona amepata uwanja, akaendelea. "Ivike blanketi basi! Ichemshie maji uiogeshe, si unaona inatetemeka? Mnyaturu gani anaacha mgeni wa Kizungu alale nje kwenye baridi hii!"

"Nenda zako, kwenu hata jiwe la kusagia mnaazima," nikamjibu. Watu wakacheka tena, kwa upande wangu sasa. Nikaona nimeshinda.

Baada ya hapo nilimfuata fundi Itigi. Zamani alikuwa akitengeneza injini za reli, mtu mzito, mwenye masharubu, asiyesema neno mpaka alipwe. Nilimbeba kwenye baiskeli yangu, yeye na sanduku lake la spana, na vile vichaka vikatuchana wote wawili. Tulifika jua la utosi. Hakuvua hata kofia. Akashika hendeli, akazungusha. Tuku-tuku-tuku.

Akanigeukia.

"Mzee, umenitoa Itigi nije kutazama mashine nzima?"

"Alfajiri haiwaki, fundi. Naapa."

"Alfajiri." Akaitegea sikio, akatazama moshi, akafungua chujio la dizeli, akalitoa, akaliinua juani. Lilikuwa safi, jepesi, dizeli inachuruzika kama maji. "Chujio zima. Pampu nzima. Nozeli imechoka kidogo, nunua nyingine. Kilichobaki ni wewe kuamka."

Nikamlipa. Nozeli nikanunua. Kesho yake alfajiri ikakataa.

Sasa kijiji kikaanza kuwa na maneno. Wengine walisema mashine imetupiwa jicho na wale niliowanyima dizeli. Mke wangu akaleta maji ya baraka kutoka misheni, jirani yangu Mwislamu akaja kusoma dua. Wote walikuja baada ya shughuli za asubuhi, saa nne na nusu hivi, na wote wawili walifanikiwa. Kila mmoja akaondoka na furaha yake, nami nikabaki na mashine yangu. Mikono ilikuwa imevimba. Hendeli ilinirudi siku moja ikanipiga kifundo cha mkono, nikawa nashika kijiko kwa kushoto. Usiniulize kama nililala.

Shamba la kijiji lilikuwa kwenye mavuno ya alizeti, na kina mama walikuwa wakifika wamechelewa, wengine hawafiki kabisa, wapo nyumbani wanasaga kwa jiwe. Mwenyekiti akaja jioni. Hakukaa.

"Ndugu," alisema. Tulikuwa wawili tu, na bado akaniita ndugu. Hapo nikajua. "Halmashauri imekaa."

"Imekaa bila mimi?"

"Wewe si mjumbe. Alfajiri ya siku ya mkutano wa kijiji tutakuja wenyewe hapa bandani. Ikiwaka, ni yako, na hakuna atakayefungua mdomo tena. Isipowaka, inakuwa ya kijiji, tutakulipa fidia."

"Fidia gani?"

"Ya mashine isiyowaka."

"Inawaka saa tano!"

"Saa tano watu wako shambani." Akanigusa bega, kama siku zile za jando, akaondoka.

Unajua maana yake? Ile mashine haikuwa mashine. Ilikuwa kila gunia la nta nililobeba, kila mwiba, kila usiku wa porini. Mke wangu aliheshimiwa kwayo, wanangu walikula kwayo, na mimi, ukiondoa ile mashine, nilikuwa mtu wa darasa la pili mwenye baiskeli mbili.

Nikarudi Itigi kwa fundi. Mara hii nilimwambia alale kwangu ili ajionee. Akalala, akala kuku, na alfajiri nikamwamsha. Akazungusha yeye mwenyewe. Kimya. Akazungusha tena mpaka masharubu yakalowa. Kimya. Nakuambia ukweli, nilifurahi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na mtu wa kushindwa naye.

"Hakuna moshi," nikamwonyesha. "Dizeli haifiki."

"Dizeli nilishaitazama. Chujio nililitoa kwa mikono yangu, au hukuniona?"

"Nilikuona."

"Basi. Ni ringi za pistoni. Zimekwisha, haina nguvu ya kubana hewa."

Nilitaka kusema kwamba ringi zikiisha ingetoa moshi wa buluu, lakini nani mimi mbele ya mtu wa reli? Na chujio lenyewe sikufikiria kulifungua, kwa kuwa kilichokwisha kutazamwa hakitazamwi tena. Tukaibomoa injini yote, tukaitandaza juu ya gunia kama nyama ya ng'ombe siku ya sikukuu. Ringi za zamani alizitazama, akazitupa kando. Akatia mpya na gaskiti mpya. Tulipofunga nati ya mwisho kivuli kilikuwa chini ya miguu yetu. Akazungusha. Tuku-tuku-tuku.

"Ringi," akasema, akanyoosha mkono.

Nilimlipa, nikampeleka. Nilirudi nikiwa na matumaini, nisikufiche. Ndivyo mtu alivyo. Siku ile iliyobakia kabla ya mkutano haikuwa na baridi, mawingu yalifunika tangu jana yake, na alfajiri mashine ikakohoa, ikakohoa, ikashika. Nilipiga kelele mpaka mke wangu akafikiri nimekatwa na mkanda. Nikapita nyumba kwa nyumba. "Ringi! Zilikuwa ringi!" Mtani wangu nikamtukana mpaka ukoo.

Jioni ile mawingu yakaondoka. Nyota zikatoka nyingi, kali, na nikaona ni dalili njema.

Alfajiri ya mkutano nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande wa baridi. Mwenyekiti alikuja na wajumbe, kina mama na madebe yao, na nyuma yao watu ambao hawakuwa na uwele wala mtama, walikuja kutazama tu. Nikavaa koti langu la sikukuu. Nikasalimu wakubwa, nikasalimiwa na wadogo, nikanyanyua kikono, nikachomeka hendeli.

Ikakohoa mara moja.

Nilizungusha. Sitaki kueleza sana. Mtu akizungusha hendeli mbele ya watu wake wote, na kitu hakiwaki, sauti pekee inayosikika ni pumzi yake mwenyewe. Nilivua koti. Nilizungusha kwa kulia, nikazungusha kwa kushoto. Mwanamume mmoja akajitolea, akazungusha, akaacha. Mwenyekiti alikuwa akitazama chini.

Ndipo watu wa nyuma wakaanza kucheka, na kicheko kikaja mbele, na njia ikafunguka. Mtani wangu huyo, amejitwika sufuria kubwa ya maji ya moto, mvuke unampanda usoni, na blanketi begani.

"Nipisheni! Nimeleta chai ya mgeni! Mnyaturu ameshindwa kumkaribisha, acha Mnyiramba amwogeshe!"

Watu walikuwa hoi. Hata wajumbe. Akaitua sufuria karibu na tangi, akachovya kata, akainua juu ya bomba la dizeli, akanitazama kwa kunisubiri, kwa sababu mtani hafanyi jambo lake mpaka mwenye mali anyamaze.

"Nyamaza tu, Mnyaturu. Ukinyamaza namwaga, na mbuzi nimeshamchagua, yule mwenye doa."

Ningenyamaza. Kunyamaza tu, kazi ambayo hata mtoto mchanga anaiweza. Lakini nilikuwa nimesimama pale bila koti, mali yangu yote inaondoka, na mtu ananichezea. Niliipiga sufuria teke. Maji yakamwagika udongoni, yakatoa mvuke, yakaisha.

"Potea mbele yangu!" nikamwambia.

Kicheko kikakatika. Kumkasirikia mtani ni aibu kubwa kuliko kushindwa kuwasha mashine. Mtani wangu akaokota sufuria yake polepole, akasema, "Haya, bwana," akaenda. Mwenyekiti akainua kichwa, akasema mbele ya watu, "Ndugu, umeona mwenyewe." Na mimi nilikuwa nimeona.

Waliihamisha siku ile ile mchana, baada ya mimi kubishana nikitaka iwashwe saa tano wakaone. Hawakutaka kuona. Kuna haja gani? Ili iwe nyepesi kubebwa, walimwaga dizeli yangu yote iliyokuwamo ndani ya tangi, wakafungua bomba na chujio wakavifuta, wakaipandisha kwenye gari la ng'ombe, wakaipeleka kwenye banda la ghala la kijiji, ambako kijiji kilikuwa na dumu lake la dizeli. Nilitembea nyuma yake.

Kesho yake nilikuwa macho kitandani, nje bado giza la alfajiri na baridi ile ile. Nikasikia ikikohoa, mbali, upande wa ghala. Ikakohoa tena. Kisha ikashika.

Mke wangu akanishika mkono chini ya blanketi. "Baba watoto, hiyo si yetu?"

Nilikaa kitako nikasikiliza. Ilisaga mpaka jua lilipotoka, haikusita hata mara moja.

Nilitoka nje, nikaenda nyuma ya nyumba kwenye pipa langu. Sijui nilikuwa natafuta nini. Nilifungua kifuniko nikachota dizeli kwa kopo, na katika ile baridi niliona dizeli si safi kama maji. Ilikuwa na ukungu, na juu yake utando wa manjano mwepesi, na chini ya kopo chembe laini kama mafuta ya mbuzi kwenye sufuria iliyolala. Nikashika kwa vidole, nikasugua, nikanusa. Nta. Nta yangu mwenyewe, niliyodhani nimeisugua ikaisha, ilikuwa imejificha kwenye mishono ya pipa. Jua la mchana liliiyeyusha ndani ya dizeli, baridi ya usiku ikaigandisha ndani ya chujio, na saa tano jua likaiyeyusha tena. Nimeishika nta tangu ndevu hazijaota. Nimeilalia, nimekula chakula kilichonunuliwa kwayo. Nami nilikuwa nimetafuta kila mahali ila pale.

Nilikwenda na lile kopo mkononi mpaka kwa mwenyekiti. Alikuwa anakunywa uji. Nikamwonyesha, nikamweleza yote, pipa, baridi, jua, chujio la fundi. Alisikiliza vizuri, sisemi hakusikiliza.

"Kwa hiyo mashine haikuwa mbovu," nikamalizia. "Haikuwa mbovu hata siku moja."

"Ndiyo maana tumeichukua, wewe," akasema. Sasa aliniita wewe. "Mbovu tungekuachia."

"Basi nirudishieni."

"Mkutano umeshaandika. Na kina mama wako shambani, umewaona? Wamewahi leo." Akasukuma kibakuli cha uji kwangu. "Kunywa, umetoka na baridi."

Nikanywa. Ningefanya nini? Njiani nikapita kwa mtani wangu, alikuwa anashona viatu vya matairi nje ya nyumba. Nikasimama kwa mbali kidogo.

"Yale maji ya moto," nikamuuliza. "Ulijua?"

"Kujua nini?"

"Kwamba yangeiwasha."

Aliacha kushona. Nikamweleza. Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka, na tangu nimfahamu sikuwahi kumwona akiacha kucheka katikati. "Mnyaturu, mimi ningejua wapi? Mimi nilitaka mbuzi mwenye doa."

Fidia ilitoka baada ya mavuno. Mhasibu wa kijiji alinihesabia elfu mbili na mia tano, akasema nihesabu tena, nikasema hakuna haja. Mashine nilikuwa nimeinunua elfu nane na mia nne, pesa taslimu, mbele ya mke wa yule Mhindi aliyezihesabu kwa kulowesha kidole. Fundi wa Itigi, safari zake mbili, alikula mia na hamsini. Nozeli, ringi na gaskiti, ambazo hazikuwa na kosa lolote na hadi leo zinafanya kazi pale ghalani, mia tatu themanini na saba na nusu. Baridi ya mwezi wa sita ilinigharimu shilingi elfu sita, mia nne thelathini na saba, na senti hamsini.